Nasari ya Matope na Nasari ya Kelele

Nasikia nyinyi vijana mnaosomea kufundisha watoto wadogo mnabishana sana huko chuoni. Huyu anasema mtoto ajifunze kwa michezo, yule anasema mtoto apewe herufi mapema. Mpwa wangu naye anasomea kazi hiyo hiyo hapa Nakuru. Akija kwangu Jumapili na wenzake wanabishana mpaka chai inapoa. Mimi hucheka, halafu nawaambia: ngojeni kwanza. Hayo maneno niliyapigania mimi kabla mama zenu hawajaolewa, na sikuwa na chuo. Nilikuwa na darasa la pili na mkono mmoja mzima.

Wanaosema najisifu wanasema kweli. Mtu aliyeanza kwa kuosha viwele vya ng'ombe wa mzungu akamaliza akiwa msimamizi wa nasari za mashamba, asipojisifu yeye mwenyewe atamngoja nani? Kazi nimeiacha juzi tu, kwa sababu ya mgongo. Kichwa bado kipo, kwa hivyo sikilizeni.

Shamba lenyewe lilikuwa Subukia, kahawa upande wa juu na ng'ombe wa maziwa upande wa chini. Hali ya Hatari ilikuwa imeingia. Wakikuyu waliokaa pale miaka na miaka walipakiwa kwenye malori wakarudishwa kwao, na nyumba za laini, zile za vibarua, zikabaki milango wazi. Sisi tulioletwa kujaza pengo tulitoka Maragoli, Bungoma, Kericho, wengine Turkana. Tulikuja mume, mke na watoto. Nyanya tuliwaacha nyumbani, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Fikiria mwenyewe. Mama yuko kwenye kahawa tangu umande haujakauka. Wa kunyonya yuko mgongoni, sawa. Yule wa miaka minne je? Yule anavunja matawi, anang'oa miche, anacheza kando ya mfereji wa kiwanda. Walipotoa mtoto wa pili kwenye mfereji ule, amelowa na kutetemeka, memsahib, mke wa mzungu mwenye shamba, akasema basi, lazima atafutwe mtu wa kuwachunga.

Wakatafuta mwanamke. Hakupatikana, maana kila mwanamke alitakiwa kwenye kahawa. Mimi wakati huo nilikuwa nimekanyagwa mkono na ng'ombe, kifundo kimekauka, kukama siwezi. Na mnajua sheria ya shamba: asiye na kazi hakai laini. Nikaenda mwenyewe mpaka nyuma ya jikoni kwa memsahib nikasema, mimi nitawachunga.

Nyapara wetu, Kipkoech, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Zablon, wewe ndio utakuwa yaya?"

"Ndiyo mimi."

"Na hizo ndevu?"

"Watashika hizo wakijifunza kutembea."

Nikaitwa Yaya Ndevu kutoka siku hiyo, shamba zima. Sikujali. Nilijenga banda kwa mkono mmoja na nusu, nikakandika, nikapaka sakafu samadi na majivu ikawa laini kama sahani. Nendeni muulize Subukia kama kulikuwa na banda lingine la namna ile.

Siku ya kwanza ilikuwa vita. Walilia wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Mimi nikafanya nilivyozoea kwa ng'ombe: nikapiga mluzi, nikapiga mti kwa fimbo, nikanguruma "Tuliaaa!" Wakaongeza.

Aliyeniokoa ni Mama Rasoa, mpishi wa uji. Ndiye mwanamke mzee peke yake katika shamba lile. Alikuja pole pole, mwiko mkononi.

"Zablon, hawa si ng'ombe."

"Ng'ombe hunisikia, mama."

"Ng'ombe wamefungwa kamba."

Akamwendea yule aliyekuwa analia kuwashinda wote, akamtwika mkebe wa maji mikononi. "Nipelekee jikoni. Usimwage." Yule mtoto akanyamaza pale pale! Macho kwenye maji, miguu ikipapasa chini, kamasi zinateremka tu. Akafika, Mama Rasoa akapokea kwa mikono miwili, akasema asante, akampa mkebe mwingine arudishe.

"Hawezi kubeba na kulia," akaniambia. "Atachagua."

Mnaona? Hilo hamtalipata kwenye vitabu vyenu, lakini lina ufundi wake. Mzigo uwe mzito kidogo, usiwe wa kudanganya, maana mtoto anajua akidanganywa. Uwe na mahali pa kufika. Na mahali hapo awepo mtu wa kusema asante. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, kilio kinarudi. Mimi baadaye niliongeza yangu: mpelekaji apite mbele ya wenzake. Mtoto akitazamwa na wenzake, hata kohozi anameza.

Sasa hiyo mnayoita mtaala. Mimi sikuwa na mtaala. Niliangalia watoto wanacheza nini, na walikuwa wanacheza mama zao. Wanachuma majani, wanajaza mashimo, wanaitana "wewe, fanya haraka!" Basi nikawaletea mikebe ya jemu na ya mafuta ikawa ndiyo madebe yao. Nikaomba kahawa iliyokataliwa kiwandani. Wakawa wanachambua, nyekundu huku, kijani kule, wanajaza, wanahesabu mikebe, wanamwaga, wanaanza tena. Udongo wa mtoni tukafinyanga ng'ombe, na kila ng'ombe akapewa jina. Kila asubuhi mtoto mmoja anakuwa nyapara, anaita majina ya wote. Hivyo Mturkana mdogo alijua kutamka jina la Mmaragoli mdogo kabla baba zao hawajajua.

Nyapara mkali kuliko wote alikuwa Truphena, binti ya Nekesa. Nekesa ni yule mama wa Bungoma aliyeongoza mstari wa wachumaji, sauti yake ilisikika kabla hajatokea. Mtoto alimfuata mama. Hata mwanangu mwenyewe, Jafeti, alifukuzwa kazi na Truphena mara mbili asubuhi moja, kabla ya uji. "Wewe mvivu. Enda kwenu Kakamega." Na mwanangu akaenda kweli, akakaa nyuma ya banda mpaka alipoandikwa upya.

Memsahib naye alikuwa na njia yake. Aliagiza sanduku la vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, vizuri sana, kutoka Ulaya. Alitaka kila mtoto akae peke yake, achague kipande mwenyewe, ajenge kimya kimya.

"Sablon, hii chunga muzuri sana. Hapana poteza."

Mwezi haukuisha sanduku lilikuwa tupu. Memsahib akakasirika, tukapita naye laini nyumba kwa nyumba. Tulivikuta. Viko chini ya miguu ya vitanda! Sakafu za laini hazikuwa sawa, kila kitanda kilikuwa kinacheza, na watoto wetu kwa akili zao wenyewe walikuwa wameona kazi ya vile vipande. Kimoja chekundu kilikuwa kimezuia mlango wa nyapara Kipkoech. Memsahib alitazama, akatazama, halafu akacheka mpaka akavua kofia. Mimi kwa upande wangu nasema njia yake haikuwa mbaya. Mtoto aliyepima mguu wa kitanda akachagua kipande kinachotosha amejifunza. Ila hakujifunzia pale alipotaka memsahib.

Basi nikawa nimekaa vizuri, mfalme wa banda langu. Ndipo akaja Elisha.

Elisha alikuwa kijana wa misheni, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na cheti chake kwenye bahasha. Bwana mwenye shamba alimpa chumba cha zamani cha mbolea, kando ya barabara. Akawapanga watoto mistari, mikono magotini. Akatundika ubao. Kutoka siku hiyo, Subukia ilipata kelele. "A! E! I! O! U!" Halafu moja mpaka mia, wote kwa pamoja, kama wanavuta gogo. Sauti ilipanda mlima hadi kwa wachumaji, na akina mama huko juu wakasikia watoto wao wanasoma. Hebu niambieni, nani atashindana na hiyo? Kwangu ukipita ulisikia mikebe.

Watu wakaanza kusema kuna nasari ya matope na kuna nasari ya kusoma. Mimi nikajibu kuna nasari ya matope na kuna nasari ya kelele. Tukaitana hivyo hivyo, lakini watoto walikuwa wanahama, na mimi nilikuwa nawaona.

Siku moja nilimkuta Elisha kisimani.

"Ndugu Zablon, hao watoto wako wanajua nini?"

"Wanajua kazi."

"Ndiyo maana nakuuliza. Unawafundisha kuchuma kahawa. Wakikua watafanya nini?"

Nilikuwa na jibu la kila mtu katika shamba lile, hata la Bwana mwenyewe. Siku hiyo nilichota tu maji nikaenda.

Na jioni Nekesa akaja mlangoni kwangu, amesimama mkono kiunoni.

"Baba Jafeti, mtoto wangu amekuwa nyapara hapa kwako."

"Tena mzuri."

"Mimi sitaki nyapara. Nataka karani. Nangoja yule mwalimu mkuu aje. Akimkataa Truphena, namhamisha kwa Elisha, na wewe usinisalimie."

Mwalimu mkuu aliyesemwa ni wa shule ya msingi ya bondeni. Nafasi kwake zilikuwa chache, na mtoto aliyekosa alikuwa anaingia kwenye kahawa akiwa mdogo, basi, maisha yake yameandikwa. Mwaka ule memsahib alimwomba aje shambani kabla hajachagua, aangalie nasari zote mbili. Halafu akatuita mimi na Elisha, akatuambia wazi: shamba halitalipa nasari mbili. Banda ni moja, mtu ni mmoja. Elisha akishindwa atarudi misheni. Mimi nikishindwa ningerudi wapi, na mkono ule? Kukama siwezi, kuchuma siwezi, na laini hakai mtu bure. Mke wangu alianza kukunja nguo tusizozivaa.

Nyinyi siku hizi mnaingia shule kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa. Sisi tulikuwa na sikio. Mtoto anapitisha mkono wa kuume juu ya kichwa, na vidole vikishika sikio la kushoto, amefika umri. Visipofika, rudi nyumbani ukale ugali. Wiki ile kabla mwalimu hajaja, ukipita laini uliona maajabu. Watoto wananing'inia kwenye miti, kwenye paa, baba anawavuta mikono kama anakaza waya. Mama mmoja alimpaka mwanawe mafuta begani ati mkono uteleze. Mimi niliwakataza wangu. Nikawaambia mkono haurefushwi, lakini shingo inainamishwa kidogo, hivi, upande. Kidogo tu. Hiyo si kudanganya, ni mkao.

Siku ilipofika akina mama waliachwa washuke kutoka kwenye kahawa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kiu. Akapima masikio, akacheka na wale wa mafuta, halafu akaanza na wa Elisha.

Walikuwa wazuri, nisiseme uongo. A, e, i, o, u, banda likatetemeka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu akachora herufi, wakaitaja. Kisha akamnyooshea mvulana mmoja kidole.

"Wewe peke yako. Baada ya kumi na nne ni ngapi?"

Yule mvulana akamtazama Elisha. Akatazama juu. Akaanza: "Moja! Mbili!" Na wenzake wote wakadakia, "Tatu! Nne!" Mwalimu akainua mkono, "Basi, basi," wapi! Walipita kumi na nne mbio kama lori lisilo na breki, na hawakusimama mpaka mia. Nyapara Kipkoech akapiga makofi akidhani ndivyo ilivyotakiwa.

Mimi nikacheka kwa ndani. Niliharakisha kucheka.

Wangu wakasimama. Mwalimu akachora A kwenye ubao.

"Hii ni nini?"

"Paa ya nyumba," wakasema.

Akachora O. "Na hii?"

"Mdomo wa debe."

Kicheko. Elisha alikuwa anaangalia viatu vyake, kwa heshima, lakini mabega yake niliyaona yanacheka. Mwalimu akamwita Truphena.

"Mtoto mzuri, tano na tatu ni ngapi?"

"Tano ya nini?"

"Ya chochote."

Truphena akafikiri. "Zote nyekundu?"

"Tuseme tano nyekundu na tatu za kijani."

"Hizo haziwekwi pamoja, Mwalimu. Kiwanda kinakataa."

Watu walianguka. Nekesa peke yake hakucheka. Alinitazama mimi, na kama macho yangekuwa jembe ningekuwa nimelimwa. Mwalimu mkuu aliandika kitu, akafunga kalamu. Nikajua nimekwisha. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, nikamkuta ameinama.

Hapo Mama Rasoa akaleta uji, maana saa ya uji haikujua mambo ya wageni. Akaweka sufuria chini, akaenda kutafuta mwiko wa pili. Watu wazima wakaanza kuongea wao kwa wao, kama kawaida kazi ikiisha.

Watoto wa Elisha walibaki kwenye mistari, mikono magotini. Hakuna aliyewaambia wainuke. Mmoja mdogo mbele alikuwa anabana miguu, anabana, mpaka akajikojolea pale pale bila kusema neno, maana kwa Elisha hawakuwa wamefundishwa kuomba, walifundishwa kuitikia.

Wangu nao hawakungoja mtu. Truphena akasimama juu ya kigogo, akaanza kuita majina. Aliita wetu, akaita na wa Elisha, maana wote aliwajua, wadogo kwanza. Wengine wakagawa vikombe. Mwanangu Jafeti akamshika yule aliyejikojolea mkono, akampeleka nyuma, akarudi naye amevaa gunia safi, kiunoni limefungwa vizuri. Na mtoto mmoja wa Kiturkana, mdogo kabisa, akatembea na kikombe mpaka kwa mwalimu mkuu, macho kwenye uji, akamkabidhi.

"Usimwage," akamwambia.

Mwalimu mkuu alipokea kwa mikono miwili. "Asante, mzee." Akanywa wote.

Memsahib akamuuliza nani ameshinda. Yule mwalimu akafuta mdomo, akasema taratibu: "Wa Elisha wanajua ninachofundisha, lakini nikiwapa mgongo wanakufa. Wa Zablon hawajui kitu ninachofundisha, lakini naweza kuwapa mgongo. Mimi nitachukua wa huku na wa huku, na huyu msichana wa kiwanda nitamchukua wa kwanza. Lakini banda ni lenu. Waulizeni wenye watoto."

Kuuliza vibarua! Memsahib hakuwa amezoea. Lakini mgeni alikuwa amesema mbele ya watu, basi akawageukia akina mama. Kila mtu alimtazama Nekesa. Mimi nilitazama chini, kwa sababu nilikumbuka maneno yake ya mlangoni.

Nekesa akafungua leso, akaifunga upya.

"Memsahib, herufi tunataka. Hata tukinyimwa posho, herufi tunataka. Elisha asiende." Akaelekeza kidole juu kwenye kahawa. "Lakini mimi nikiwa huko juu, nikisikia zile kelele za Elisha nafurahi, na zikinyamaza naogopa. Najiuliza, wamefika mferejini? Mtoto akiwa kwa Zablon sisikilizi kitu. Nachuma tu. Kwa hivyo banda ni la Zablon. Huyu Elisha aje pale kama mgeni, afundishe, mtoto akichoka aache."

"Eee!" akina mama wakajibu wote. "Hivyo hivyo!"

Ndivyo mimi, Zablon, mtu wa darasa la pili, nilivyobaki na banda langu na kuongezewa mwalimu mwenye cheti chini yangu. Nitajieni mwingine aliyewahi kupata hivyo. Mke wangu alirudisha nguo kwenye kamba siku hiyo hiyo. Na lile swali la kisimani nililijibu pia, kwa njia yangu: kona ya kahawa nikaipunguza, nikaanzisha kona ya duka na kona ya ofisi, ili wakicheza wasicheze kazi za baba zao peke yake. Jambo zuri hata likisemwa na mpinzani nalichukua. Mimi si mjinga.

Elisha alifika kesho yake asubuhi, ubao begani, suruali imepigwa pasi kama kawaida. Akauliza autundike wapi. Nikamwonyesha msumari. Nilikuwa nimeshaupigilia mapema, kabla watoto hawajaletwa.

Akautazama ule msumari. Ulikuwa chini, kimo cha kifua cha mtoto.

"Ndugu Zablon, hapa mimi nitaandikaje?"

"Wao wataandika wakiwa wamesimama," nikamwambia. "Wewe utapiga magoti."

Watoto wakawa wanaingia, mmoja mmoja, wanamsalimu. Kisha Elisha akakunja suruali yake, akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya samadi, akaandika A. Alifundisha hivyo miaka yote tuliyokuwa pamoja, na sijaona mwalimu mzuri kama yeye, ila mimi.

Kwa hivyo mpwa wangu na wenzako, mkimaliza kubishana michezo au herufi, nendeni darasani kwenu mkaangalie ubao mmeutundika wapi.